Trela la Futi Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Urefu wa Flatibedi

Ukiingia yadi ya matrela, muuzaji atakuuliza mapema tu: unataka la futi ngapi? Wengi hujibu futi 40 kwa sababu ndilo wanaloliona kila siku barabarani, au hutaja refu kuliko yote kwa hesabu kwamba trela refu hubeba zaidi. Kwa mzigo mwepesi unaojaza nafasi, hesabu hiyo ni sawa. Kwa saruji, nondo, mawe na mashine, yaani mizigo mingi inayopanda flatibedi (trela la sakafu wazi, lisilo na kuta za pembeni), trela refu mara nyingi hubeba pungufu. Lenyewe ni zito, na kila kilo ya chesi, yaani kiunzi chake cha chuma, inakatwa kwenye kilo za mzigo.

Kwa hiyo hapa futi zitakuja mwisho. Tunaanza na mzigo, tunapita mizani, tunakwenda barabarani na kwenye geti la mteja, halafu ndipo tunataja urefu. Nitahesabu kwa mita, na kutumia futi pale ambapo watu wa kazi husema futi. Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo futi 40 ni mita 12.19, futi 48 ni mita 14.63 na futi 53 ni mita 16.15.

Kwanza tuelewane: urefu upi?

Trela moja lina urefu wa aina tatu, na watu huuchanganya. Kuna urefu wa nje, kutoka pua hadi taa za nyuma. Huu ndio trafiki anaoupima. Kuna urefu wa sakafu inayopakilika, kutoka uso wa ndani wa ukuta wa mbele hadi mwisho wa sakafu. Huu ndio unaouhusu mzigo wako. Halafu kuna umbali kutoka kingpini (pini iliyo chini ya pua ya trela, inayoshikana na gari linalovuta) hadi katikati ya kundi la ekseli za nyuma. Huu wa tatu hauandikwi kwenye tangazo la kuuza trela, lakini ndio unaoamua uzito utaangukia wapi na trela litakata kona vipi. Matrela mawili ya futi 40 yanaweza kutofautiana hapo kwa zaidi ya mita moja, yakawa vyombo viwili tofauti kabisa kwa dereva.

Hatua ya 1: Orodhesha mizigo unayobeba kweli

Chukua vitabu vyako vya safari, au kama unaanza, zungumza na wateja unaowalenga. Kwa kila aina ya mzigo andika mambo manne: urefu wa kipande kimoja kisichokatwa, uzito wa safari nzima, kama unapangika kwa tabaka, na unavyopakiwa, kwa mashine ya foko kutoka ubavuni au kwa kreni kutoka juu.

Kipande kirefu kisichokatwa ndicho kinachoweka urefu wa chini kabisa. Nondo za ujenzi kwa kawaida huuzwa kwa mita 12. Mabomba huja mita 6 au 12. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.058, la futi 40 lina mita 12.192, la futi 45 lina mita 13.716. Mihimili ya chuma na nguzo hutofautiana, kwa hiyo uliza kiwandani.

Hapa pana mtego mdogo unaowanasa wengi: urefu wa kwenye karatasi si urefu wa kwenye sakafu. Bomba la plastiki la mita 6 lenye soketi mara nyingi hupimwa bila soketi, kwa hiyo ukipanga marundo mawili, moja mbele ya jingine, mita 12 za sakafu hazitoshi. Nondo nazo haziji zimenyooka ncha kwa ncha kama penseli kwenye boksi. Fungu hupishana sentimita kadhaa, na utahitaji nafasi ya kupitisha mnyororo. Kwa mzigo wa mita 12 mimi sichukui sakafu iliyo chini ya mita 12.4, hata kama muuzaji anaapa kwamba "zinaingia". Zinaingia, halafu ncha zinagonga ukuta wa mbele kila unapokanyaga breki.

Kuning'iniza mzigo nyuma kunaruhusiwa kwa kiasi fulani katika nchi nyingi, kwa masharti ya bendera nyekundu mchana na taa usiku. Marekani, kwa mfano, kanuni za serikali kuu hudai bendera pale mzigo unapopita mwisho wa gari kwa zaidi ya futi 4. Ni ruhusa ya kutumia mara mojamoja. Ukiona karibu kila safari yako mzigo unaning'inia, umenunua trela fupi.

Hatua ya 2: Tafuta tani kwa mita

Hesabu hii huchukua dakika mbili. Chukua mzigo, jiulize kila mita ya sakafu itabeba tani ngapi ukiupanga kwa kawaida, kisha gawanya uzito unaoruhusiwa kubeba kwa jibu hilo.

Tuchukue saruji. Paleti ya mita 1.2 kwa mita 1 yenye mifuko 40 ya kilo 50 ina tani 2. Sakafu ya flatibedi ina upana wa karibu mita 2.5, kwa hiyo paleti mbili zinakaa bega kwa bega, upande wa mita 1.2 ukielekea ubavuni. Kila mita ya sakafu inabeba tani 4. Tuseme uzito halali wa mzigo wako ni tani 28. Hizo ni paleti 14, safu 7, mita 7 za sakafu. Kwenye trela lenye sakafu ya mita 13 unabaki na karibu nusu ya sakafu ambayo umeinunua, unaivuta, unaichomea mafuta, na haikuingizii kitu.

Geuza upande wa pili. Matangi ya plastiki, marobota ya nyasi, mabomba mepesi ya PVC: hapa utamaliza nafasi mizani ikiwa bado inacheka. Kizuizi ni urefu wa sakafu na kimo cha mzigo. Sakafu ya flatibedi ya kawaida iko karibu mita 1.5 kutoka ardhini, na Ulaya kimo cha juu kwa kawaida ni mita 4, kwa hiyo unabaki na mita 2.5 za kupanga. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu futi 13 na inchi 6, sawa na mita 4.11. Kimo kikifungwa hivyo, njia pekee ya kuongeza mzigo mwepesi ni sakafu ndefu zaidi, na kwa mtu wa aina hii futi 48 au 53 si anasa.

Kwa kanuni ya haraka, mzigo wako ukizidi tani 3 kwa mita, trela refu halikusaidii. Ukiwa chini ya tani 2 kwa mita, kila mita ya ziada ni pesa. Katikati ya hapo ndipo penye kazi ya kufikiri.

Hatua ya 3: Jua sheria inakuachia tani ngapi

Uzito halali wa mzigo ni uzito wa jumla unaoruhusiwa, toa uzito mtupu wa kichwa (gari linalovuta trela) pamoja na mafuta na watu, toa uzito mtupu wa trela. Usikadirie kwa macho. Uzito wa trela upo kwenye kibao cha kiwandani na kwenye kadi, na kama umeongeza nguzo za pembeni, masanduku ya vifaa au spea mbili, pitisha chombo kizima mizani kikiwa kitupu.

Mipaka inatofautiana sana. Katika Umoja wa Ulaya chombo cha kawaida chenye kichwa na semi-trela kinaruhusiwa urefu wa mita 16.5 na tani 40 kwa safari za kimataifa, na ndiyo maana karibu kila trela la huko lina mita 13.6. Marekani uzito wa jumla kwenye barabara kuu za serikali kuu ni ratili 80,000, takriban tani 36.3, na ekseli mbili zilizo pamoja haziruhusiwi kuzidi ratili 34,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya 2016, ina kikomo cha tani 56. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10, mbili zilizo pamoja tani 18, na tatu tani 24. Afrika Kusini nayo ina tani 56, na urefu wa mita 22 kwa chombo chenye matrela mawili.

Ukizilinganisha hizo namba utaona kwa nini ushauri wa Mmarekani kuhusu urefu haumfai mtu wa Mombasa au Rotterdam. Trela la futi 53 ni rahisi kutumia pale penye barabara pana na kikomo cha tani 36. Pale penye kikomo kikubwa cha uzito na ruhusa ndogo ya urefu, trela fupi lenye ekseli tatu linalishinda kwa mbali.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wazoefu. Sheria ya Marekani ya kulinda madaraja huruhusu uzito zaidi kadiri ekseli zinavyoachana. Chombo cha ekseli tano hakifiki ratili 80,000 mpaka ekseli ya kwanza na ya mwisho ziachane kwa futi 51. Mtu akisikia hivyo anasema, basi trela refu hubeba zaidi! Kinachopimwa hapo ni umbali kati ya ekseli na ekseli. Sakafu ndefu yenye ekseli zilizosogezwa mbele haikupi hata ratili moja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mzigo kukaa wapi

Hii ndiyo hatua watu huiruka, na ndiyo inayowakamatisha mizani. Uzito wa jumla unakuwa halali kabisa, lakini ekseli za kichwa zimezidi. Dereva anashangaa, mwenye mali anamlaumu utingo kwa upakiaji, kumbe tatizo ni trela na mzigo kutoelewana.

Semi-trela limeegemea sehemu mbili: kingpini mbele, ekseli nyuma. Ni kama watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mabegani. Aliye karibu na mzigo ndiye anayeumia. Sehemu ya mzigo inayokwenda kwenye ekseli za trela ni umbali kutoka kingpini hadi katikati ya mzigo, ukigawanywa kwa umbali kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli. Kinachobaki kinakalia kichwa.

Turudi kwenye saruji yetu ya tani 28 na sakafu ya mita 13. Tuseme kingpini iko mita 1.2 kutoka mbele, na katikati ya ekseli tatu ni mita 8 nyuma ya kingpini. Ukibana paleti zote kwenye ukuta wa mbele, mzigo unachukua mita 7 za kwanza, na katikati yake ni mita 3.5 kutoka mbele, yaani mita 2.3 nyuma ya kingpini. Gawanya 2.3 kwa 8: asilimia 29. Tani 8 zinakwenda kwenye ekseli za trela, na tani 20 zote zinakalia kichwa! Hakuna mizani itakayokupitisha na hakuna springi itakayokushukuru.

Sasa anza na jibu unalolitaka. Unataka, tuseme, tani 18 kwenye ekseli za trela na 10 kwenye kichwa. Chukua 18 gawanya kwa 28, zidisha kwa 8, unapata mita 5.14 nyuma ya kingpini, sawa na mita 6.34 kutoka mbele. Mzigo una mita 7, nusu yake ni 3.5, kwa hiyo paleti ya kwanza ianzie mita 2.84 kutoka ukuta wa mbele. Hiyo ni karibu mita tatu tupu kati ya ukuta na mzigo wa tani 28. Kumbuka kuongeza uzito wa trela lenyewe juu ya hesabu hii, maana nao unagawanyika mbele na nyuma.

Fanya hesabu ileile kwa trela fupi: sakafu mita 10, kingpini mita 1 kutoka mbele, ekseli mita 6.2 nyuma ya kingpini. Katikati ya mzigo inatakiwa kuwa mita 4 nyuma ya kingpini, mita 5 kutoka mbele, na paleti ya kwanza inaanzia mita 1.5 tu kutoka ukuta. Mzigo uleule, mgawanyo uleule, pengo limepungua nusu.

Mashine nzito fupi ni balaa zaidi. Weka mashine ya tani 20 nyuma kabisa ya lile trela la mita 13, katikati yake ikiwa mita 10 kutoka mbele. Hiyo ni mita 8.8 nyuma ya kingpini, mbali kuliko ekseli zenyewe. Ekseli zinabeba tani 22, na ile tani 2 ya ziada ni nguvu inayokinyanyua kichwa badala ya kukikandamiza. Matairi ya kuvutia yanakuwa mepesi, na kwenye mlima wenye tope unaanza kuteleza na mzigo wa tani 20 mgongoni. Wanaopakia mashine kwa kuiendesha kutoka nyuma na kuiacha "hapohapo, inatosha" wanafanya hivi kila siku.

Muulize muuzaji pia sakafu inaruhusu tani ngapi ndani ya mita tatu au nne. Trela linaloandikwa tani 30 limehesabiwa kwa mzigo uliosambaa. Robota la koili ya chuma la tani 20 na zaidi linakaa kwenye kipande kidogo cha sakafu, na kadiri chesi inavyokuwa ndefu kati ya kingpini na ekseli, ndivyo inavyopinda zaidi.

Hatua ya 5: Njia, kona na geti

Nenda mahali unapopakia na unaposhusha ukiwa na futi ya kupimia. Pima upana wa geti, upana wa barabara inayoingia getini, na uwanja wa kugeuzia. Halafu fanya hesabu hii ya kona.

Kingpini ikizunguka duara la nusu kipenyo cha mita 12, ekseli za trela hufuata duara dogo zaidi. Chukua 12 mara 12, toa umbali wa kingpini hadi ekseli mara wenyewe, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa trela la mita 8: 144 toa 64 ni 80, kipeuo chake ni 8.9. Ekseli zinapita mita 3.1 ndani zaidi ya kingpini. Kwa trela la mita 10: 144 toa 100 ni 44, kipeuo ni 6.6, na ekseli zinaingia ndani mita 5.4. Umeongeza mita mbili tu kwenye trela, lakini kona imedai mita 2.3 zaidi ya barabara. Namba hizi ni za kona ndefu ambayo trela limetulia ndani yake. Kona fupi ya pembe mraba hula kidogo kuliko hapo, ila trela refu bado hula zaidi.

Unaweza kupunguza ulaji huo kwa kusogeza ekseli mbele, ila sasa mkia unakuwa mrefu, na mkia unaruka nje. Trela letu la mita 13 lina mkia wa mita 3.8 nyuma ya katikati ya ekseli. Kwenye kona ileile, pembe yake ya nyuma inatoka nje karibu sentimita 70 kuliko ubavu ulio kwenye matairi. Dereva anatazama kioo cha ndani ya kona, mkia unamsalimia mtu wa pikipiki upande wa pili. Kwa njia za mijini napendelea mkia mfupi na kona pana. Kwa safari ndefu za barabara kuu jambo hili halina uzito mkubwa.

Usisahau matuta na miinuko ya reli. Trela refu lenye umbali mkubwa kati ya kichwa na ekseli hukwama tumbo au miguu yake ya kuegeshea hugusa pale ambapo fupi hupita bila kujua kulikuwa na tuta.

Hatua ya 6: Kichwa chako kinalikubali?

Pembe za mbele za trela huzunguka nyuma ya kebini unapokata kona. Kama kingpini iko mita 1.2 kutoka mbele na trela lina upana wa mita 2.5, pembe inafika mita 1.73 kutoka kingpini. Kati ya katikati ya sahani ya kichwa (pale kingpini inapokaa) na mgongo wa kebini lazima kuwe na zaidi ya hapo, pamoja na nafasi ya mipira ya upepo, bomba la moshi na chombo kuyumba kwenye mashimo. Kingpini ikirudishwa nyuma hadi mita 1.6, pembe inafika karibu mita 2.03. Vichwa vifupi vya ekseli mbili mara nyingi hushindwa hapo.

Angalia pia kama sahani inasogea. Sahani ya kusogea hukuwezesha kuhamisha uzito kidogo kwenda ekseli ya usukani, na hilo huokoa safari ambayo mzigo umekaa vibaya kwa sentimita chache. Kipenyo cha kingpini nacho kiwe kimoja na sahani yako: zipo za inchi 2 na za inchi 3.5.

Sasa futi

Gari lisilo na trela lenye bodi la mita 6 hadi 9 linatosha kwa usambazaji wa mjini, vifaa vya hardware, paleti chache na kontena la futi 20 lisilo zito sana. Watu hulidharau, lakini kwa geti za mtaani ndilo linaloleta pesa.

Semi-trela la mita 9 hadi 10.5 ni la saruji, matofali, marumaru, koili, mawe. Ni jepesi, linakata kona vizuri, na hesabu za Hatua ya 4 zinalipenda. Tatizo lake ni safari ya kurudi: nondo na kontena la futi 40 havipandi, na ukiliuza wanunuzi ni wachache.

Futi 40 hadi 42, yaani mita 12.2 hadi 12.8, ndilo la kila kazi. Linachukua nondo za mita 12, kontena moja la futi 40 au mawili ya futi 20. Kontena mbili za mita 6.058 zikiachana milimita 76 hufanya mita 12.192 kamili, ndivyo zilivyopangwa. Urefu ukikubali, uzito unaweza kukataa: futi 20 mbili zilizojaa tani 24 kila moja ni tani 48 za mzigo, na hakuna semi-trela la kawaida linalozibeba kihalali. Kwa kontena hakikisha kufuli za sakafuni zipo pia katikati ya trela, ili futi 20 moja nzito ikae katikati. Na kumbuka kontena refu la kimo cha mita 2.9 juu ya sakafu ya mita 1.5 linafika mita 4.4. Kama kazi yako ni kontena peke yake, trela la mifupa (chesi bila sakafu) lililo chini zaidi linafaa kuliko flatibedi.

Mtu anayeniuliza bila kuwa na mkataba wa mzigo maalumu, jibu langu ni sakafu ya mita 12.5 yenye ekseli tatu. Kuna mtu atalalamika kwamba limekosa mita moja ya Ulaya. Alalamike.

Mita 13.6 ni la kawaida Ulaya na linaingia paleti 33 za mita 1.2 kwa 0.8. Nje ya huko linafaa kama mzigo wako ni wa paleti za uzito wa kati, au kontena la futi 45.

Futi 48 na 53 ni za mizigo mirefu na myepesi, barabara pana, yadi kubwa. Hata Marekani, 48 ndilo flatibedi la kawaida, na 53 huja na masharti. California, kwa mfano, huweka kikomo cha futi 40 kutoka kingpini hadi ekseli ya mwisho kwa matrela hayo.

Kuna njia mbili za kukwepa uchaguzi wenyewe. Matrela pacha, yanayotumika sana kusini mwa Afrika, ni la mita 6 mbele na la mita 12 nyuma. Yanakupa uzito na urefu pamoja, lakini kurudi nyuma nayo ni kazi ya dereva mwenye mikono. Na trela la kuvutika hurefuka kwa kipande kirefu kama mhimili au nguzo, kisha hufupika ukirudi tupu. Ni zito na ghali, linafaa tu kama vipande virefu ni kazi yako ya kudumu. Wale wa mashine ndefu kwenda juu waangalie trela la ngazi lenye sakafu ya nyuma iliyoshushwa hadi karibu mita 1. Ila wajue urefu unaotangazwa umekatwa vipande viwili: la futi 53 lenye futi 11 juu linakuachia futi 42 chini.

Pengo la mbele na mikanda

Yale mapengo ya mita moja na nusu au karibu tatu yana gharama. Mzigo uliobanwa kwenye ukuta wa mbele unazuiwa na ukuta. Ulioachwa nyuma unazuiwa na mikanda peke yake, na ukipiga breki kali unaondoka nayo. Kanuni za Ulaya za ufungaji huhesabu nguvu ya kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo. Kwa tani 28 hizo ni nguvu za tani 22 na zaidi.

Jaza pengo kwa paleti tupu zilizofungwa pamoja, weka kizuizi cha chuma kinachoshikana na vishimo vya sakafu, au tenganisha paleti chache, mbili mbele na nyingine zikifuata nyuma, ili uzito ukae pale pale na mbele pasiwe wazi. Kuhusu idadi ya mikanda, kanuni ya Marekani ni rahisi kukumbuka. Kipande kirefu kisichozuiwa mbele kinahitaji mikanda miwili kwa futi 10 za kwanza, na mmoja kwa kila futi 10 zinazofuata au sehemu yake. Nondo za mita 12 ni mikanda au minyororo mitano, na jumla ya nguvu zake isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Kwa hiyo unapokagua trela, hesabu pia vishikizo vya mikanda kila upande na uone vimeachana vipi.

Kama unanunua lililotumika

Beba futi ya kupimia ya mita 20, chaki, uzi mrefu na tochi. Pima urefu wote watatu mwenyewe, kisha ulinganishe na kibao cha kiwandani. Visipolingana, ingia chini. Matrela hukatwa na kurefushwa kwa kuchomelea, na fundi mzuri hulificha vizuri. Tafuta mshono uliopita wima kwenye ubavu wa mhimili mkuu, na zaidi sana mshono ulionyooka kukatiza bapa la chini la mhimili, kwa sababu hapo ndipo chuma kinapovutwa zaidi trela likibeba. Rangi mpya ya kipande kimoja tu cha chesi ni sababu ya kukwangua kidogo kwa ufunguo.

Vuta uzi kutoka mbele hadi nyuma kando ya mhimili. Matrela mengi hutengenezwa na upinde kidogo wa kwenda juu yakiwa matupu, ili yanyooke yakipakiwa. Ukikuta tumbo limeshuka likiwa tupu, limeshabeba zaidi ya uwezo wake. Pima pia kutoka kingpini hadi kila ncha ya ekseli ya kwanza, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita chache inarekebishika, lakini sentimita kadhaa maana yake trela linakwenda upande na litakumalizia matairi. Mwisho omba lifungwe kwenye kichwa chako mwenyewe, ulizungushe kona kamili kulia na kushoto ukitazama pembe za mbele na miguu, kabla pesa haijatoka mfukoni.